Maswali ya Wasomaji: Kutoka ligi ndogo hadi Ligi Kuu ya besiboli

Wasomaji wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani wameuliza kuhusu besiboli, na maswali mengi yanazunguka jambo moja: kijana anapandaje kutoka ligi ndogo za Marekani hadi Ligi Kuu, na mtoto wa huku kwetu aanzie wapi. Katika majibu haya, mrushaji ni yule anayesimama kwenye tuta katikati ya uwanja. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Klabu mama ni klabu ya Ligi Kuu inayomiliki mikataba ya wachezaji walio chini.

Shikamooni. Niko kidato cha nne, Nkuhungu. Nimesoma kwamba Juan Soto alicheza mechi 39 tu za ligi ndogo mwaka aliopandishwa, lakini Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisota miaka mingi. Ngazi zenyewe zikoje, na tofauti hiyo inatoka wapi?

Marahaba, mdogo wetu. Ligi Kuu ina klabu 30: 29 za Marekani na moja ya Kanada, Toronto Blue Jays. Tangu mwaka 2021 kila klabu mama ina timu nne za msimu mzima chini yake, jumla timu 120. Ngazi ya chini ni A, inafuata A ya Juu, halafu AA, na mlangoni kabisa mwa Ligi Kuu ni AAA. Chini ya zote nne kuna ligi za wanaoanza huko Florida na Arizona, na ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, nchi ambako klabu zote 30 zina vituo vya kukuzia vijana. Kijana aliyesajiliwa kutoka nje ya Marekani akiwa na miaka 16 au 17 mara nyingi huanzia huko Dominika.

Msimu wa A na A ya Juu una mechi 132, AA mechi 138, AAA mechi 150. Ligi Kuu ni 162. Ratiba ya ligi ndogo kwa kawaida ni mechi sita mfululizo na mpinzani yuleyule, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu ni ya mapumziko au safari. Hapo ndipo vijana wengi wanapoanza kukwama, hata kabla hujataja kipaji. Aliyezoea kucheza mara mbili kwa wiki anajikuta kufikia Julai amepungua kilo kadhaa, mkono umechoka na jicho halisomi tena mpira mapema.

Kila ngazi ina mtihani wake. Kwenye A warushaji wana kasi lakini hawana shabaha, kwa hiyo mpigaji mvumilivu anaweza kupata takwimu nzuri kwa kuacha tu mipira ya nje. Kwenye AA mambo yanageuka. Mrushaji wa pale anaweza kurusha mpira wa kupinda au wa polepole ndani ya eneo halali hata akiwa nyuma kwa hesabu, mipira miwili nje na straiki (mpira halali ambao mpigaji ameukosa au ameuacha) hakuna. Mpigaji aliyezoea kungojea mpira wa kasi katika hesabu hiyo anaumbuka. Ndiyo maana watu wa mchezo huu huitazama AA kama chujio halisi, na mara nyingi mchezaji huitwa Ligi Kuu moja kwa moja kutoka hapo. AAA imejaa watu wazima waliokwisha kuonja Ligi Kuu na kurudishwa. Ni ghala la akiba la klabu mama.

Sasa Soto. Alisajiliwa na Washington Nationals mwaka 2015 kutoka Dominika. Mwaka 2018, akiwa na miaka 19, alicheza mechi 16 kwenye A, 15 kwenye A ya Juu na 8 kwenye AA, ndizo hizo 39. Tarehe 19 Mei, Howie Kendrick aliyekuwa akicheza pembe ya kushoto alichanika kano ya kisigino. Kesho yake Soto alikuwa Ligi Kuu, na tarehe 21, katika mechi yake ya kwanza ya kuanza, aliupiga nje ya uwanja mpira wa kwanza aliorushiwa. Kipaji chake hakina ubishi, ila angalia tarehe: nafasi ilifunguliwa na jeraha la mtu mwingine, kwenye namba anayoicheza yeye.

Ngoepe alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Ulinzi wake katikati ya uwanja ulikuwa wa kiwango cha juu tangu mapema. Kilichomchelewesha ni gongo, kwa sababu mlinzi asiyepiga vizuri hungoja hadi klabu ihitaji mbadala. Aliitwa tarehe 26 Aprili 2017, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipata pigo halali dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Mwaka ule alicheza mechi 28 na Pirates, mwaka uliofuata 13 na Toronto. Ukiuliza nini kinaamua kasi ya kupanda, jibu letu ni mambo matatu kwa pamoja: unachoweza leo, nani yuko mbele yako kwenye namba yako, na jina lako limeandikwa kwenye orodha ipi. La tatu ndilo watu wa nje hawalioni, na swali linalofuata linaligusa.

Mimi ni mwalimu wa michezo, Mpwapwa. Kuna vijana wanapiga vizuri AAA miezi mitatu mizima na hawaitwi, huku mwingine mwenye takwimu mbovu anapandishwa. Je, ni upendeleo?

Mwalimu, mara nyingi ni hesabu za mikataba. Klabu ina wachezaji 26 wanaoruhusiwa kuingia uwanjani kila siku, na Septemba wanafika 28. Hao wote lazima watoke kwenye orodha kubwa ya watu 40. Kijana anayeng'ara AAA lakini hayumo kwenye hiyo 40 hawezi kupandishwa mpaka aongezwe, na orodha ikiwa imejaa lazima mtu atolewe. Anayetolewa anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine bure au kwa fedha kidogo. Kwa hiyo ukihitaji mtu wa siku nne tu kujaza pengo, unamwita aliyemo tayari kwenye 40, hata kama anapiga vibaya. Huo ndio "upendeleo" unaouona.

Akishaingia kwenye 40, klabu inapata misimu mitatu ya kumshusha na kumpandisha itakavyo. Msimu unahesabiwa kuwa umetumika akikaa chini siku 20 au zaidi. Tangu 2022 haruhusiwi kushushwa zaidi ya mara tano ndani ya msimu mmoja, bila kupitishwa kwanza kwa klabu nyingine, kwa sababu warushaji walikuwa wakipelekwa huku na huko kama mizigo ya basi. Misimu mitatu ikiisha, kumshusha tena kunamaanisha kumweka wazi kwa klabu nyingine 29. Mchezaji wa aina hiyo akianza vibaya Aprili anavumiliwa, na kijana mwenye misimu yote mitatu mkononi anarudishwa chini hata kama amepiga vizuri.

Kuna pia hesabu ya siku. Msimu wa Ligi Kuu una siku zipatazo 187, na siku 172 zinahesabika kuwa mwaka kamili wa utumishi. Baada ya miaka 3 mchezaji hupata haki ya mshahara wake kuamuliwa kwa usuluhishi, baada ya 6 yuko huru kwenda klabu yoyote. Ukimchelewesha kijana wiki mbili mwanzoni mwa msimu, hafiki 172, na klabu inabaki naye mwaka mmoja zaidi. Kris Bryant wa Cubs alipiga mipira tisa nje ya uwanja katika mazoezi ya kabla ya msimu wa 2015, kisha akapelekwa AAA. Aliitwa tarehe 17 Aprili na mwaka ukaisha akiwa na siku 171. Alilalamika rasmi, akashindwa mwaka 2020. Sisi tunaona hakutendewa haki, na kanuni zenyewe zilikuja kukiri hivyo: tangu 2022 kijana anayemaliza wa kwanza au wa pili katika tuzo ya mchezaji bora mpya wa ligi yake (Ligi Kuu imegawanyika katika ligi mbili) anapewa mwaka kamili, na klabu inayompandisha mapema kijana wa kiwango cha juu inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji.

Kijana aliyesahauliwa chini ana mlango mmoja wa dharura, unaoitwa Kanuni ya 5. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini, misimu mitano ikipita bila kuwekwa kwenye 40, Desemba klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000. Ikimchukua ni lazima ikae naye kwenye wale 26 msimu mzima unaofuata. Ikishindwa, na klabu nyingine zisipomtaka, anarudishiwa klabu yake ya kwanza kwa dola 50,000.

Ni mzazi wa Area D. Kijana wangu ana miaka 14 na anarusha vizuri. Nimeambiwa umri ni jambo kubwa. Niandae nini?

Mzazi mwenzetu, anza na cheti cha kuzaliwa kabla ya glavu. Mkazi wa Tanzania haingii kwenye utaratibu wa kila mwaka ambapo klabu huchagua kwa zamu wachezaji wanafunzi wa Marekani, anasajiliwa kwa njia ya wachezaji wa kimataifa. Lazima awe ametimiza miaka 16 wakati wa kusaini, na dirisha hufunguliwa tarehe 15 Januari na kufungwa 15 Desemba. Kabla mkataba haujaidhinishwa, ofisi ya Ligi Kuu huchunguza umri na utambulisho. Huulizia hospitali, kanisa au msikiti, shule, ndugu, na imewahi kutumia vipimo vya mifupa na vya vinasaba.

Ukali huo una sababu. Mwaka 2006 Nationals walimsajili kijana wa Dominika kwa dola milioni 1.4 wakiamini ana miaka 16 na jina lake ni Esmailyn González. Mwaka 2009 ikabainika jina lake halisi ni Carlos Álvarez na alikuwa na miaka 20 siku ile aliposaini. Kwa majirani zetu Waganda, timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu mwaka 2011 kwenda Marekani kwenye fainali za dunia za Little League, ikanyimwa visa kwa sababu kumbukumbu za umri hazikulingana. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilijipanga upya kwa karatasi, ikafika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama hana cheti, nenda kwa msajili wa RITA wa wilaya, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, na barua ya serikali ya mtaa. Kisha linganisha jina herufi kwa herufi kwenye cheti, kadi ya kliniki, rekodi ya shule ya msingi na matokeo ya darasa la saba. Kasoro za kawaida huku kwetu ni tatu. Mtoto ana jina la nyumbani na jina la shule. Jina la babu limeandikwa sehemu moja na la baba sehemu nyingine. Na mbaya zaidi, mtoto alipunguzwa miaka miwili ili aanze darasa la kwanza bila maswali. Angalia pia vyeti vya ndugu zake: ndugu wawili wa mama mmoja waliopishana miezi mitano kwenye karatasi watazua maswali ambayo hakuna kocha atakayeyajibu. Rekebisha sasa akiwa na 14, maana marekebisho yanayofanyika wiki moja kabla ya kusaini yanatia shaka hata yakiwa ya kweli.

Nafundisha vijana Kongwa. Hatuna mashine ya kupima kasi. Tunajuaje kijana anarusha kilomita ngapi kwa saa?

Tumia simu yenye kurekodi picha 240 kwa sekunde, ile video ya mwendo wa taratibu. Pima mita 18.44 kutoka ukingo wa mbele wa ubao wa mrushaji (ule anaoukanyaga juu ya tuta) hadi ncha ya nyuma ya kituo cha nyumbani (kibao kilicho chini, mbele ya mdakaji). Mrushaji huachia mpira akiwa amesogea mbele, kwa kijana aliyekomaa yapata mita 1.7, kwa hiyo mpira husafiri kama mita 16.7. Hakuna mpigaji. Mdakaji aweke glavu juu ya ile ncha. Simu iwekwe pembeni, mbali vya kutosha ili mkono unaoachia na glavu vyote vionekane, na isitikisike. Ndoo iliyojaa mchanga inatosha kuiegemezea.

Hesabu picha kuanzia ile ambayo mpira umetoka vidoleni hadi ile ambayo umegusa glavu. Ukipata 120, hiyo ni nusu sekunde. Gawanya 16.7 kwa 0.5, zidisha kwa 3.6, unapata kilomita 120 kwa saa. Huo ni wastani wa njia nzima. Mpira hupoteza karibu asilimia 8 hadi 10 ya kasi njiani, na mashine za wasaka vipaji husoma kasi ya mwanzo, kwa hiyo ongeza asilimia 4 hadi 5: kijana wako ni kama 125. Video ya kawaida ya picha 30 haifai, kwa kuwa ukikosea picha moja unakosea kilomita 8 hivi. Tena baadhi ya simu zinadanganya kuhusu 240. Jaribu kwanza kwa kurekodi saa ya simu nyingine kwa sekunde moja, uhesabu picha zenyewe.

Ligi Kuu wastani wa mpira wa kasi sasa ni kama kilomita 151. Mrushaji wa miaka 17 anayefika 145 bila kujikamua anaanza kutazamwa. Rusha kumi, chukua tano za katikati. Ile moja ya bahati usiiandike.

Kwa wasiorusha, kipimo cha kwanza cha wasaka vipaji ni mbio za yadi 60, yaani mita 54.86. Sekunde 7.0 ni ya kawaida, chini ya 6.7 inavutia. Pima kwa utepe, usipime kwa hatua, na mkimbiaji aanze akiwa amesimama ubavu kama mtu anayetaka kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa.

Kijana wa miaka 15 arushe mara ngapi? Kocha wetu anamtumia Jumamosi na Jumapili.

Mwongozo wa Ligi Kuu kwa miaka 15 na 16 ni marusho 95 kwa siku, usizidi. Akirusha hadi 30 anaweza kucheza kesho yake. Kuanzia 31 hadi 45 apumzike siku 1, 46 hadi 60 siku 2, 61 hadi 75 siku 3, na 76 kwenda juu siku 4. Anayetumika Jumamosi na Jumapili kwa marusho 80 kila siku anaharibiwa. Kinachoumia ni kano ya ndani ya kiwiko, ambayo hudhoofika polepole bila kelele, na kijana wa kwetu hatasema anaumwa kwa kuogopa kuachwa. Upasuaji wake, uliofanywa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, hurudisha mtu uwanjani baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, tena akipata daktari na mazoezi ya viungo ya kila siku.

Kosa jingine tunaloliona ni kumtoa kwenye tuta na kumweka mdakaji mechi hiyohiyo. Mdakaji naye anarusha kila mpira kurudi. Mweke pembeni kabisa.

Chamwino hapa, shule ya sekondari. Tunataka kujenga tuta la mrushaji. Udongo wetu unapasuka.

Udongo wa kichuguu ndio jibu, na mnao. Pondeni, chekecheni, changanyeni na mchanga kidogo, kama ndoo moja ya mchanga kwa ndoo tatu za kichuguu, kisha mjaribu kiganjani: ukiubana ushikamane bila kunata vidoleni.

Duara lina kipenyo cha mita 5.49. Juu kabisa ni sentimita 25.4 kutoka usawa wa kituo cha nyumbani. Pimeni kwa kamba na bomba la maji la kusawazishia kama fundi wa msingi, msikisie kwa jicho, maana viwanja vya Dodoma vingi vina mteremko usioonekana. Ubao wa mrushaji ni sentimita 61 kwa 15. Kuanzia sentimita 15 mbele ya ubao, mteremko uanze kushuka sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30. Jengeni kwa tabaka za sentimita 5, mwagieni maji kidogo, shindilieni, acheni likauke kiasi, ndipo tabaka lingine. Mkimwaga udongo wote kwa mara moja, ndani utabaki laini na juu utapasuka kama mnavyoona.

Shimo huchimbika pale mguu wa mbele unapotua. Kila baada ya mazoezi lijazeni kwa udongo mbichi wa kichuguu, shindilieni na mfunike na turubai, kwani upepo wa Julai hadi Septemba hukausha tuta zima kwa siku moja. Mrushaji anayetua shimoni hupinda goti na kubadilisha mkono bila kujua, na mtamlaumu kwa kukosa shabaha.

Kwa vituo vinne, ambavyo hupangwa mraba: upande mmoja ni mita 27.43, na kutoka nyumbani hadi kituo cha pili, kukatiza katikati, ni mita 38.80. Kipimo hicho cha pili kikikubali, pembe zenu ni mraba.

Mimi ni seremala, Singida. Naweza kukereza gongo kwa mninga au mpingo?

Mpingo hapana. Gongo la sentimita 86 lingekaribia mara mbili ya uzito unaotakiwa, ambao ni kama gramu 880. Mninga mkavu unafaa kwa mazoezi. Chagua kipande ambacho nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa kwenye mpini. Kwa magongo ya Ligi Kuu mchepuko wa nyuzi hauruhusiwi kuzidi digrii 3, kwa sababu hapo ndipo gongo linapovunjika na kuruka kama mkuki. Unene wa juu usizidi sentimita 6.63. Vijana watakaoota mikataba waanze na mti mapema. Gongo la aluminiamu linasamehe mpira uliogusa karibu na mpini, la mti halisamehi, na ligi zote za kulipwa tulizozitaja zinatumia mti.

Mshahara ukoje kabla ya kufika juu?

Mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo wa mwaka 2023, ambao ndio wa kwanza wa aina yake, uliweka kima cha chini kwa mwaka hivi: ligi za wanaoanza dola 19,800, A dola 26,200, A ya Juu 27,300, AA 30,250, AAA 35,800. Klabu hutoa malazi. Ligi Kuu mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa 760,000, na hulipwa kwa siku: aliyeitwa kwa wiki moja alipata zaidi ya dola 4,000 kila siku aliyokaa.

Mwanangu ni mfupi, sentimita 168. Asijisumbue?

José Altuve wa klabu ya Houston Astros ana urefu huohuo. Astros walimsajili Venezuela mwaka 2007 kwa dola 15,000, fedha ndogo mno kwa soko lile, akaruka kutoka AA hadi Ligi Kuu Julai 2011, na mwaka 2017 akawa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi yake. Mrushaji mfupi ana kazi ngumu zaidi. Mlinzi wa katikati mwenye miguu ya haraka, urefu haumzuii.

Kuna mtu hapa mjini anataka laki sita ampeleke kijana majaribio Marekani. Ni kweli?

Msimpe. Klabu ya kulipwa hailipishi mchezaji ili imtazame. Visa ya mchezaji wa kulipwa huombewa na klabu yenyewe, kwa hiyo mtu binafsi asiye na klabu hana visa ya kukuahidi. Wakala halali wa wachezaji wa Ligi Kuu ana kibali cha chama chao na hulipwa asilimia ya mkataba, baada ya mkataba. Mwulizeni ni klabu gani, na msaka vipaji wa klabu hiyo awaandikie kwa anwani ya klabu.

Njia iliyo wazi ni kupitia Chama cha Besiboli na Softiboli Tanzania. Uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani uko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, na kwa treni ya SGR kutoka Dodoma ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Ligi Kuu imeendesha kambi za vijana wa Afrika huko Afrika Kusini, na wasaka vipaji wamefika Uganda: mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili warushaji wawili Waganda, Umar Male na Ben Serunkuma, na baadaye Pirates wakamchukua mrushaji David Matoma.

Mechi nizitazame saa ngapi, na nitazame nini?

Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, mechi ya saa 1 jioni ya pwani ya mashariki ya Marekani ni saa 8 usiku kwetu. Ya Los Angeles ni saa 11 alfajiri. Mwanafunzi asikeshe: mechi za Jumapili mchana huanza kama saa 2 usiku wetu. Chagua mchezaji mmoja wa namba yako na umfuate yeye kwa vipindi vitatu, uuache mpira. Kama ni mlinzi wa katikati, tazama miguu yake pale mrushaji anapoinua goti: anaruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili sawa na wakati mpira unapofika kwa mpigaji. Rekodi mruko huo, kisha ujirekodi wewe ukifanya vilevile kwenye uwanja wa shule, uweke video mbili pamoja.